Waridi langu limekuwa baka: niongeze rangi au nibadili mshono?

Swali: Shikamoo Mama. Niko Morogoro. Mdogo wangu anaolewa, nami nimeahidi kumdarizia kwa mkono shuka moja na foronya nne. Kitambaa ni cheupe, pamba tupu. Mchoro una waridi kubwa katikati, matawi mawili ya asmini na majani. Nimenunua nyuzi za rangi kumi na mbili. Nimeshajaribu foronya moja: waridi lote nimelijaza kwa uzi mwekundu, majani yote kwa kijani, asmini kwa uzi mweupe. Ukiishika mkononi kazi ni safi, lakini nikirudi nyuma hatua mbili waridi ni baka tu la rangi, na asmini hazionekani kabisa. Je, niongeze rangi? Mshono gani utumike wapi, na nyuzi ngapi kwenye sindano? Zimebaki wiki sita. Na hiyo foronya ya kwanza, niifumue?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumwozesha mdogo wako. Picha ya foronya uliyonitumia nimeikuza kwenye simu mpaka nikaona matundu ya kitambaa. Mkono wako ni mzuri. Kingo zimenyooka na nyuzi zimelala bila kupandana, kwa hiyo hapo sina la kukufundisha. Makosa ni mawili, na hakuna hata moja linalotibika kwa kununua rangi ya kumi na tatu. Kwanza, nyekundu yako na kijani yako zimekolea sawasawa. Pili, nyuzi zako zote zimelala upande mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, petali hadi petali, kama ukili wa mkeka.

Tuanze na kukolea. Itazame kanga ya kisutu, ile ya maharusi. Ina nyeusi, nyekundu na nyeupe, basi. Hata hivyo aliyekaa barazani ng'ambo ya njia anaijua kabla hajamjua aliyeivaa. Siri yake ni kwamba moja ya rangi hizo ni nzito kabisa, moja iko katikati, na moja ni nyepesi kabisa. Mtu aliye mbali haoni jina la rangi, anaona giza na mwanga. Wewe umeweka nyekundu ya kati juu ya kijani ya kati, halafu nyeupe juu ya nyeupe. Karibu unaona tofauti kwa sababu unajua hii nyekundu, hii kijani. Hatua mbili nyuma, ujuzi huo haukusaidii.

Kipimo ni rahisi na hakina gharama. Piga picha ya nyuzi zako zikiwa zimelazwa juu ya kitambaa chenyewe, kisha kwenye simu igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Nyuzi mbili zikitoka na kijivu kimoja, usizipakanishe mahali unapotaka mtu aone ukingo. Nina hakika nyekundu yako na kijani yako zitatoka mapacha. Ila usilaze kifungu kizima: uzi ukiwa umekusanyika huonekana umekolea kuliko utakavyokuwa ukishashonwa. Vuta nyuzi mbili tu, zilaze kwenye kitambaa, tena nje, kivulini, mchana. Taa za dukani nimeshazilaani mara nyingi. Nilinunua kijani usiku nikiamini ni ya jani la mchungwa, asubuhi nikaikuta ni ya rangi ya mlango wa msikiti.

Rangi pia hugombana na jirani. Hili si la kwetu mafundi wa nyumbani peke yetu. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa kusimamia utiaji rangi kwenye karakana ya Gobelins mjini Paris, wanakofuma mazulia ya kutundika ukutani. Wafumaji walilalamika kwamba uzi mweusi wa pale umefifia. Akaupima, akakuta hauna kasoro yoyote. Uliokuwa ukiudhoofisha ni buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Kwa kazi yako maana yake ni hii: nyekundu kali na kijani kali zikikaa bega kwa bega kila moja humchochea mwenzake, na matokeo ni kelele. Lazima mmoja anyamaze. Kwenye maua, anyamaze kijani.

Sasa nyuzi zenyewe. Katika hizo kumi na mbili, weka kando njano, buluu, zambarau na ile chungwa. Najua njano umeinunua kwa ajili ya moyo wa waridi, lakini waridi la mchoro wako limejikunja, moyo wake hauonekani. Ukitia njano pale, utakuwa umelifanya alizeti. Pesa utakayotoa sasa iende kwenye vivuli vya rangi mbili unazozihitaji kweli, yaani rangi ya waridi na kijani.

Ningekuwa mimi, hiyo nyekundu ya bendera ningeiacha nikaingia kwenye pinki. Juu ya kitambaa cheupe, nyekundu iliyokolea huwa kama kidonda, na kuitengenezea vivuli ni kazi kwa sababu ukiiangaza kidogo tu inageuka rangi nyingine. Pinki ina ngazi ndefu. Ukipata nyuzi za kampuni ya DMC, ngazi nzuri ni 309, 335, 899, 3326 na 818, kuanzia nzito hadi ile iliyopauka kama kucha ya mtoto. Namba hizo ni za kampuni hiyo, kwa hiyo ukimpa muuzaji wa aina nyingine atakupa kitu kingine kabisa. Ukikuta nyuzi zisizo na namba, na madukani kwetu ndizo nyingi, chagua kwa macho: tano za ukoo mmoja, kila moja iwe imepauka hatua moja kuliko iliyotangulia. Ukiruka ngazi, mahali rangi zinapokutana patakuwa na mstari. Bibi harusi aking'ang'ania nyekundu, basi 815, 498 na 321, na kwenye kingo zinazopigwa na jua uguse 351 yenye uchungwa kidogo. Usiiangaze nyekundu kwa nyeupe.

Kijani: 3345, 3346, 3347 na 3348. Zote zina unjano ndani yake, ndiyo maana hazipigi kelele kando ya pinki. Kijani yako ya sasa ina ubuluu, ihifadhi kwa kazi nyingine. Na hapa nikupe njia ya kupata rangi bila kununua. Uzi wa dukani una nyuzi sita nyembamba zilizosokotwa pamoja. Chukua mmoja wa 3346 na mmoja wa 3347, uzitie pamoja kwenye tundu la sindano moja, nawe utakuwa na kijani ya tano iliyo katikati yao, yenye uhai kuliko zote mbili. Kwa majani machanga ya waridi yaliyo kwenye ncha ya tawi, changanya uzi mmoja wa 3347 na mmoja wa 335. Mwaridi ukichipua, majani yake mapya huwa na wekundu. Nenda ukautazame wa jirani kabla hujaniambia nimetunga.

Asmini ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo iliyokushinda, kwa hiyo nitakaa hapo.

Nyeupe juu ya nyeupe haina aibu. Kofia za viua zimeshonwa hivyo miaka nenda miaka rudi, uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe, na nakshi yake unaiona toka mlangoni. Inaonekana kwa sababu mshonaji ametoboa vitundu na kuvizungushia uzi, kwa hiyo pana mahali palipoinuka na mahali penye shimo, na kivuli kinajichora chenyewe. Asmini zako hazina mwinuko wala kivuli. Umelaza uzi mweupe bapa juu ya kitambaa cheupe, taa ikamulika kote sawasawa, zikapotea.

Dawa zake ni tatu, na zote zinaweza kutumika kwenye ua moja. Ya kwanza ni mpangilio: kabla hujashona, sogeza mchoro ili kila asmini iwe na jani zito nyuma yake, walau upande mmoja. Hilo peke yake linamaliza nusu ya tatizo, na halihitaji hata uzi. Chora upya kwa penseli, usiogope, mchoro si msahafu. Ya pili ni kuinua: ndani ya kila petali shona kwanza vijimishono vya kunyooka, viwili vitatu, kwa urefu wa petali, kisha vifunike kwa mshono wa satini, yaani nyuzi zilizolala bega kwa bega kutoka ukingo hadi ukingo, unaokwenda kimshazari. Petali inavimba kidogo, ukingo wake unatupa kivuli. Ya tatu ni kutia kivuli kwa rangi. Pale petali zinapokutana, toa mishono mitatu mifupi ya 772, kijani iliyopauka sana. Upande wa petali ulio mbali na mwanga, pitisha uzi mmoja wa 762, kijivu chepesi cha lulu. Ukiona bado linazama, lizungushe ua zima kwa uzi mmoja wa 524, tena uzi mmoja kweli, maana ukiweka mbili utapata katuni.

Nyeupe zenyewe si moja. B5200 ni nyeupe kali ya theluji, na ile wanayoiita Blanc ina joto la maziwa. Shuka za siku hizi hung'arishwa kiwandani, kwa hiyo Blanc ikikaa juu yake huonekana imejitenga kidogo na kitambaa. Hicho ndicho tunachokitaka. Chukua Blanc.

Na usisahau matumba. Kuna asmini ambayo tumba lake, kabla halijafunguka, lina wekundu kwa nje, kana kwamba limeshikwa na mkono wenye hina. Wanaofunga vikuba, vile vishada vya maua na majani ya kunukia, wanalijua, kwa sababu tumba ndilo wanalolichuma. Shona matumba kwa Blanc, halafu kwenye mgongo pitisha uzi mmoja wa 818 au 3326, zilezile za waridi. Faida yake ni zaidi ya ukweli wa ua. Pinki ya katikati ya shuka inakuwa imetembea hadi kwenye matawi, na jicho linaona kazi moja badala ya vipande viwili vilivyogandishwa.

Sasa kosa la pili, la nyuzi kulala upande mmoja. Uzi wa pamba wa kudarizi umetiwa dawa kiwandani ili ung'ae, na mng'ao huo unafuata urefu wa uzi. Jaribu: shona miraba miwili kwa uzi uleule, mmoja nyuzi zisimame, mwingine zilale, kisha izungushe nguo mbele ya dirisha. Mmoja utakuwa mwepesi, mwingine mzito, na ukizungusha watabadilishana. Yaani una vivuli vya bure mkononi, na kwenye foronya yako umevitupa kwa kulaza kila kitu sawasawa. Ndiyo sababu ninasema mshono na rangi ni jambo moja. Mtu akiniuliza "rangi gani?" bila kuniambia uzi utaelekea wapi, ananiuliza nusu ya swali.

Kwa hiyo, kabla ya sindano, chukua penseli. Pembeni ya mchoro weka mshale mmoja: mwanga unatoka huku. Tuseme juu kushoto. Ndani ya kila petali chora mistari mitatu minne mepesi ikitoka ukingoni kwenda chini petali inakoota. Mistari haiendi sambamba, inajikusanya kuelekea chini kama njiti za ufagio zinavyojikusanya penye kamba. Uzi wako utafuata mistari hiyo hata mkono ukichoka.

Waridi lijaze kwa mshono mrefu-mfupi. Satini uliyotumia haifai kwa petali pana. Uzi ukivuka zaidi ya sentimita moja hivi bila kushikwa, utakwama kwenye kucha, kwenye bangili, kwenye msumari wa kitanda, na shuka ni kitu cha kufuliwa. Utaratibu ni huu. Zungusha ukingo wa petali kwa mshono wa kupasua uzi, yaani kila sindano inatokea katikati ya uzi uliotangulia. Ukingo huo utafunikwa baadaye, kazi yake ni kukupa ukuta. Safu ya kwanza anza ukingoni kwa rangi nyepesi, mshono mmoja mrefu, unaofuata mfupi, lakini usiwe na adabu sana ya kupokezana. Ukipokezana kwa usawa utapata meno ya msumeno. Safu ya pili, rangi inayofuata kwa uzito, sindano ipenye ndani ya nyuzi za safu ya kwanza, si chini yake. Endelea hivyo hadi kwenye kiini, kunakokuwa na 309. Tumia uzi mmoja tu. Najua utanung'unika, lakini kwa uzi mmoja rangi huyeyukiana, na kwa nyuzi mbili utaziona zimesimama kwenye foleni.

Kinacholifanya waridi liwe waridi ni midomo ya petali, pale ukingo unapojikunja kwa nje. Midomo hiyo ijaze kwa 818 kwa satini, uzi ukiwa umelazwa kinyume na petali yenyewe, na chini kabisa ya mdomo, pale unapogusa petali, weka mstari mwembamba wa 309. Nyepesi kabisa imekaa juu ya nzito kabisa. Huo ndio ule ujanja wa kisutu, na ndiyo sehemu itakayosomeka ukiwa mlangoni. Ukikosa muda wa vivuli vyote vitano, fanya vitatu, lakini mstari wa chini ya mdomo usiuache. Na anza na petali za nyuma, umalizie na za mbele, ili kingo za mbele zilale juu.

Majani: mshono wa mfupa wa samaki, nyuzi mbili. Unaanza na mshono ulionyooka kwenye ncha, kisha sindano inakwenda kushoto na kulia, kila mara ikivuka kidogo mstari wa katikati. Mfupa unajitokeza wenyewe, na kwa kuwa nyuzi za nusu mbili zinaelekea pande tofauti, jani linang'aa upande mmoja tu hata kama umetumia rangi moja. Majani ya nyuma 3345, ya kati 3346, yaliyo karibu na asmini yawe mazito, na yaliyo kwenye ncha za matawi ya asmini 3348. Shina la waridi: mshono wa shina wenyewe, ule unaofanana na kamba iliyosokotwa, nyuzi tatu, uzi ukae upande uleule wa sindano mwanzo hadi mwisho, vinginevyo kamba inakatika katikati ya njia. Vikonyo vya asmini, nyuzi mbili au hata moja, kwa sababu asmini hainingʼinii kwenye gogo.

Mafundo ya Kifaransa, yale ya kuzungusha uzi kwenye sindano mara moja au mbili, watu wanayamwaga kila mahali kama ufuta. Kwenye mchoro wako hayana kazi. Labda matano sita ya kijani 3348 kwenye ncha za tawi, iwe machipukizi. Yasifike kwenye foronya kabisa: mtu atalalia shavu.

Na hizo foronya nne nizungumzie kidogo, kwa sababu wiki sita si nyingi. Waridi la upana wa sentimita saba au nane kwa mrefu-mfupi hunichukua mimi jioni nne tano, nami nimezoea. Usijaribu kuyaweka matano. Waridi kamili liwe moja, kwenye shuka, pale linapokunjwa juu ya blanketi ambapo linaonekana wala halikaliwi. Kila foronya ipate tawi moja la asmini na tumba moja la waridi lililofumba, pembeni mwa mdomo wa foronya. Tumba ni petali tatu tu zilizofungwa na vijani vidogo vya kijani, linaisha kwa kikao kimoja. Asmini za foronya zishone kwa mnyororo mmojammoja: kitanzi kimoja kwa kila petali, na ndani yake mshono ulionyooka wa kujaza. Unapungua mwinuko, lakini mnyororo unastahimili kufuliwa, na kazi inakwenda upesi. Kivuli cha 772 na jani zito nyuma usiviache hata huko.

Mambo ya vifaa nitayapita haraka. Kifungu cha uzi ni mita 8. Ukitumia uzi mmoja mmoja kinakupa mita 48, kwa hiyo kwa pinki kimoja kimoja kinatosha, na kijani ya 3346 nunua viwili. Kata uzi wa dhiraa moja, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mrefu zaidi ya hapo utafifia na kujikunja kwa kupita kitambaani mara nyingi. Toa nyuzi mojamoja kutoka kwenye uzi mkubwa, kisha ndipo uzilaze pamoja, hazitajisokota. Sindano namba 9 kwa uzi mmoja, namba 7 kwa nyuzi mbili tatu. Usifunge fundo nyuma. Anza kwa kushona vijimishono viwili vidogo mahali patakapofunikwa. Fremu ya duara ikaze mpaka kitambaa kilie kama ngoma, na usiku ifungue, isiache alama ya mviringo.

Kitambaa ukifue kwanza na kukipiga pasi kabla ya kuchora. Pamba hurudi ikiguswa na maji, uzi haurudi kwa kiasi hichohicho, na shuka iliyodariziwa kabla ya kufuliwa hujikunjakunja kuzunguka maua. Kuchora, bandika karatasi na kitambaa kwenye kioo cha dirisha, fuata kwa penseli nyepesi. Hizo kalamu zinazofutika kwa pasi ninaziogopa, wino wake hurudi ukikutana na baridi kali, na sijui mdogo wako ataolewa wapi.

La kuchuja rangi ninalijua kwa machungu. Miaka ya nyuma nilidarizi kitambaa cha meza kwa wiki tatu, nikakilowesha ili kutoa penseli, nikaenda kuswali. Niliporudi, mawaridi yalikuwa yamejitia pinki kwenye duara kubwa, kila moja na ukungu wake. Uzi ule niliununua bila jina kwa bei ya kutupa. Siku hizi kila nyekundu, pinki nzito na zambarau ninaijaribu kabla haijagusa kazi: kipande cha uzi kwenye maji ya uvuguvugu, kisha nakibana kwenye kitambaa cheupe kibichi kwa kidole, nahesabu mpaka mia. Kikiacha doa, uzi huo haupandi shukani. Watu watakuambia uuloweshe kwenye siki au chumvi utashika. Usitegemee hilo kwa shuka ya harusi. Na siku ya kufua, maji baridi, usiloweke, usikamue, lianike kivulini. Pasi upige kwa nyuma, ua likiwa limelalia taulo, ili ule mwinuko wa asmini ulioufanyia kazi usibanjwe.

Umebaki na foronya ya kwanza. Usiifumue. Nyekundu iliyoshonwa kwa kubana hivyo ukiifumua itaacha matundu na vumbi la nyuzi kwenye nyeupe, na jioni mbili zitakuwa zimekwenda. Waridi lake ulilishona dogo, kwa hiyo tunaweza kuliokoa. Chukua uzi mmoja wa 815, juu ya hiyo nyekundu chora mipaka ya petali kwa mshono wa kupasua, halafu chini ya kila mpaka toa mishono mifupi mitatu hadi mitano inayoelekea kiini. Kwenye midomo, uzi mmoja wa 351, mishono michache, si kujaza. Majani yapitishie mshipa mmoja wa 3348 katikati. Asmini zizungushe kwa 524 na utie 772 kwenye kiini. Kabla ya yote hayo ijaribu nyekundu hiyo kwa kitambaa kibichi, na ikiwa inachuja, foronya hiyo ibaki kwako. Ikiwa haichuji, mpe mdogo wako pamoja na zile nyingine tatu utakazoshona za pinki, aitumie upande wa mume.